Ghala la Gemu Huria la Jinja na Mbale: Namna ya Kulijenga Likaaminika

Jinja na Mbale, gemu huja kwa mkono. Mtoto huenda kwenye kibanda cha kujazia filamu, kile ambacho wenyewe hukiita laibrari, akatoa simu au flashi, akalipa shilingi zake, na kijana wa kompyuta akamwekea filamu iliyotafsiriwa na VJ, nyimbo za wiki hii na gemu mbili tatu. "Bosi, niwekee na lile la magari." Anawekewa. Kesho lile la magari linarukia simu ya jirani kwa programu ya Xender. Keshokutwa liko Bugembe, Iganga, mpaka Namakwekwe. Njiani hakuna anayeuliza lilitoka wapi, wala kwa nini gemu la magari linaomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi.

Swali hilo ni la pesa. Simu iliyobeba gemu ndiyo hiyohiyo iliyobeba MTN MoMo au Airtel Money, na ndani ya ujumbe mfupi hupita salio, namba za kuthibitisha akaunti na majina ya watu unaotumiana nao fedha. Gemu linaloruhusiwa kusoma hayo limekaa mfukoni mwa mzazi, maana mara nyingi simu ni ya mzazi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutumia mzunguko huohuo wa laibrari, flashi na waifai kusambaza magemu ya chanzo huria, na kuyasambaza salama: mwalimu wa kompyuta, fundi wa simu, mwenye laibrari, au vijana wachache Jinja wakiwa na wenzao Mbale. Vifaa si vingi. Laptopu mbili kuukuu, kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi kwa kila mji, ruta, betri na flashi za kazi hiyo tu. Kinachotakiwa zaidi ni kuelewa jambo moja kabla ya kununua chochote: faili lako litapita mikononi mwa watu usiowajua, kwenye seva usizozilinda na ndani ya teksi usizozipanda. Ukitegemea kufuli ya seva, umelinda kituo kimoja tu cha safari ndefu. Ulinzi lazima usafiri na faili lenyewe, na simu ya mteja iweze kuukagua bila kumwuliza mtu.

Anza na leseni

Wengi huanza na seva. Anza na leseni, maana ndiyo itakayokuambia gemu gani linaingia ghalani na kwa masharti gani.

Gemu la chanzo huria ni lile ambalo msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu yeyote kulitumia, kulinakili, kulibadilisha na kuligawa. "La bure" ni kitu kingine kabisa. Magemu mengi ya bure hayana chanzo unachoweza kukisoma, na lile gemu la mpira lililovunjwa kufuli, ambalo wateja watalitaja kwanza, si la bure wala si huria. Likatae. Utapoteza wateja wa mwanzo, na mimi naona ni afadhali, kwa sababu ghala likichanganya halali na haramu siku ya kwanza, hakuna sahihi ya kidijitali itakayolisafisha baadaye.

SuperTuxKart, 0 A.D., The Battle for Wesnoth, Freeciv na Mindustry yote yako chini ya leseni ya GPL. Habari njema kwa mwenye laibrari ni kwamba GPL inamruhusu kutoza pesa kwa kazi ya kunakili. Sharti lake ni chanzo: ukimpa mtu programu, umpe na njia ya kupata msimbo wake. Kama mteja anajipakulia kwa waifai, inatosha kuweka faili la chanzo mahali palepale. Kama unamkopia kwenye flashi, mpe chanzo pamoja na gemu, au mpe ahadi ya maandishi kwamba atakipata akikihitaji, na ahadi hiyo iwe ya miaka 3 isiyopungua. Kwa hiyo usifute chanzo cha toleo la zamani eti kwa sababu toleo jipya limeingia. Ulikwishaligawa, bado unadaiwa chanzo chake.

Kisha fungua mafaili yenye majina kama COPYING, LICENSE na CREDITS, usome kuhusu picha na muziki. Msimbo unaweza kuwa GPL huku nyimbo zina leseni ya Creative Commons inayokataza biashara. Laibrari inayotoza shilingi haiwezi kuligawa gemu la namna hiyo hivihivi.

Kuhusu uchaguzi sina maneno mengi. 0 A.D. inazidi gigabaiti moja na inataka kompyuta yenye nguvu kidogo. Isichukue nafasi kwenye ghala la simu. 2048, iliyotolewa na Gabriele Cirulli mwaka 2014 kwa leseni ya MIT, inacheza kwenye simu yoyote yenye kivinjari. GCompris na Tux Paint zinafaa shuleni, na Tux Paint ina tafsiri ya Kiganda na ya Kiswahili. Omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 sawa na bao la pwani, ni gemu ambalo vijana wa hapa wanaweza kuliandika wenyewe kwa mtambo wa Godot, lenye maelezo ya Kisoga na Kigisu. Nitalirudia hilo, maana gemu la nyumbani lina hatari zake.

Nani wa kumhofia

Usimfikirie yule mdukuzi wa sinema mwenye kofia nyeusi. Fikiria mambo mawili yaliyokwisha kutokea.

Mwezi Februari 2016 watu walivunja tovuti ya Linux Mint, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wakageuza kiungo cha kupakulia ili kielekee kwenye nakala iliyowekwa mlango wa nyuma. Tovuti ilikuwa ni ileile ambayo watumiaji waliizoea na kuiamini. Funzo lake kwako ni la moja kwa moja: alama ya SHA-256, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ikiandikwa kwenye ukurasa uleule wenye faili haimzuii mwizi aliyeingia kwenye ukurasa huo, kwa sababu atabadilisha vyote viwili kwa pamoja. Alama inathibitisha kwamba faili halikuharibika njiani. Haithibitishi nani aliliweka.

La pili linagusa magemu yenyewe. Novemba 2024 wachunguzi wa Check Point walieleza juu ya GodLoader, programu hasidi iliyoandikwa ndani ya mafaili ya Godot, mtambo huohuo wa kuundia gemu ninaowashauri vijana wautumie. Zaidi ya mashine 17,000 zilikuwa zimeambukizwa katika muda wa miezi michache, na mafaili yalikuwa yakigawiwa kupitia kurasa zilizofanana kabisa na miradi halisi ya chanzo huria. Godot haikuwa na kosa: gemu ni programu, na programu hufanya inachoambiwa. Neno "huria" juu ya ukurasa halimlindi mtu. Kinacholinda ni mtu aliyesoma chanzo na kujenga programu kutoka kwenye chanzo hicho.

Jinja: mashine ya mtandaoni na mashine kavu

Kwa simu za Android usibuni mfumo wako. F-Droid, duka la programu huria za Android, imekuwapo tangu 2010, na imetoa vifaa vinavyoitwa fdroidserver ambavyo yeyote anaweza kujengea ghala lake. Mteja anakuwa na programu ya F-Droid kwenye simu, anaongeza anwani ya ghala lako, basi. Orodha ya magemu inatiwa sahihi kwa ufunguo wa siri, na ndani ya orodha kuna alama ya SHA-256 ya kila faili la APK, yaani faili la kusakinishia gemu. Orodha ikiguswa, sahihi inavunjika. APK likiguswa, alama haioani. Simu inakataa yenyewe, bila wewe kuwepo.

Laptopu ya kwanza, tuiite ya mtandaoni, ina kazi ya kutafuta na kukagua. Laptopu ya pili ni kavu: imewekwa Debian, haijawahi kuunganishwa na intaneti tangu ilipowekwa na haitaunganishwa. Ufunguo wa siri unazaliwa humo kwa amri ya fdroid init na hautoki, isipokuwa kwenye nakala mbili za akiba nitakazozieleza mwishoni. Hata ukiibiwa laptopu ya mtandaoni kwenye teksi ya Kampala, ufunguo uko salama kabatini.

Kazi ya wiki huenda hivi. Unapakua APK kutoka F-Droid au kwa mtengenezaji mwenyewe, pamoja na sahihi yake. Kila APK kwenye tovuti ya F-Droid ina faili dogo la sahihi lenye jina linaloishia na .asc, lihakiki kwa gpg. Kisha endesha apksigner verify --print-certs, unakili alama ya cheti kwenye daftari la kawaida la karatasi, pembeni ya jina la gemu na tarehe. Toleo lijalo likija, cheti kiwe kilekile. Kikibadilika, simama hapo mpaka ujue sababu. Android nayo itakataa kuweka sasisho lenye sahihi tofauti juu ya gemu lililokwisha kuwekwa, lakini mteja mpya hana cha kulinganisha nacho, na wewe ndiye unayemlindia mlango.

Angalia ruhusa. Gemu la kucheza kwenye waifai litataka mtandao, sawa. Gemu la mafumbo linalotaka ujumbe mfupi, orodha ya namba za simu, au ile huduma ya walemavu inayoliruhusu kusoma kila kilicho kwenye skrini, lirudishe. Hakuna mjadala wa kamati hapo. Wezi wa benki wa kwenye simu huipenda sana hiyo ruhusa ya tatu, kwa sababu ukishaitoa hawahitaji nyingine.

Baada ya kuweka mafaili kwenye folda ya repo unaendesha fdroid update --nosign, ambayo inatengeneza orodha bila kuitia sahihi. Folda inahamia kwenye laptopu kavu kwa flashi isiyotumika kwa kitu kingine. Hapo awepo mtu wa pili. Yeye ndiye mwenye daftari. Wewe ndiye mwenye kibodi. Kompyuta ionyeshe tofauti kati ya orodha ya wiki iliyopita na ya leo: gemu gani limeongezwa, lipi limebadilika, kuna jina lisilomo daftarini? Msilinganishe alama kwa macho. Jicho huchoka kwenye herufi ya kumi na kuanza kuona linachotaka. Mkikubaliana, mtu wa pili ndiye anayeandika nywila ya ufunguo na kuendesha fdroid signindex. Aliyechagua magemu hatii sahihi, na anayetia sahihi hachagui magemu. Ni usumbufu, hasa Jumamosi jioni mmoja wenu akiwa na safari, lakini ndiyo sababu ghala litastahili kuaminiwa.

Namna mteja anavyoanza

Hapa ndipo mifumo mizuri huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simu ikishakuwa na F-Droid na alama ya ufunguo wako, inajilinda. Lakini mara ya kwanza mteja hana kitu. Atapata F-Droid kwa nani? Kama ana bando, aipakue mwenyewe kutoka f-droid.org, mbele yako, kwa data yake. Ni megabaiti chache na inamwondoa mtu wa kati. Kama hana, mpe wewe, ila kwa kuwa sasa umekuwa mtu wa kati, cheti cha APK hiyo kiwe kimekaguliwa na watu wawili na kuandikwa daftarini kama mengine.

Anwani ya ghala iandike kama msimbo wa QR ukutani, ukiwa na alama ya ufunguo ndani yake. F-Droid inaelewa anwani inayoishia na neno fingerprint na alama yenyewe, na itakataa ghala lisilolingana nayo. Shida ni kwamba karatasi ya QR inaweza kubandikwa juu ya nyingine kwa dakika moja, na jicho la binadamu halisomi QR. Kwa hiyo alama hiyohiyo iandikwe kwa rangi ukutani, kwa makundi ya herufi nne nne, na ichapwe kwenye karatasi ndogo anayopewa kila mteja. Mfundishe kijana wa laibrari kuikagua karatasi ya ukutani kila asubuhi kwa simu yake kabla ya kufungua kibanda. Mabango ya Jinja na ya Mbale yawe na alama moja. Mtoto anayehama shule atajua papo hapo kama moja limechezewa.

Mbale: kioo cha ghala

Mbale haihitaji ufunguo. Inahitaji nakala. Kilomita karibu 145 za barabara ya Iganga na Tirinyi ni njia nzuri ya kusafirishia gigabaiti: flashi kwenye bahasha, dereva wa teksi anapewa chochote, mwenzako anaipokea stendi. Kiasi cha data ambacho kingemaliza bando la mwezi kinafika kabla ya saa ya chakula. Dereva akiifungua bahasha, ataona magemu ambayo hata hivyo yanagawiwa. Akibadilisha faili moja, mfumo utaonyesha, kama gunia la kahawa ya Bugisu lililoshonwa mdomo kwa uzi wa rangi likifika na uzi mwingine.

Hata hivyo mwenzako asimwage flashi kwenye seva bila kuangalia. Aihakiki kwanza kwenye kompyuta yake: sahihi ya orodha, halafu alama za mafaili, na tarehe. Tarehe ina maana kubwa. Mtu anaweza kutuma orodha ya zamani yenye sahihi halali kabisa, ili Mbale ibaki na toleo lenye tundu ambalo Jinja imekwisha kuliziba. Programu ya F-Droid hukataa orodha iliyo ya zamani kuliko ile iliyokwisha kuiona, lakini simu mpya haijaona yoyote. Kwa masasisho madogo tumieni rsync usiku, bando za usiku zikiwa rahisi, na flashi ibaki kwa mizigo mikubwa.

Ujanja mdogo utakaowaokoa maswali mengi: zipeni seva zote mbili anwani moja ya ndani, kwa mfano 192.168.50.1. Simu iliyoongezewa ghala Walukuba itaendelea kupata masasisho karibu na mnara wa saa wa Mbale bila kubadilishwa kitu, kwa kuwa anwani ni ileile na ufunguo ni uleule.

Seva yenyewe iwe ya kijinga. Debian, nginx, folda moja ya kusoma tu. Isiwe na hifadhidata, PHP wala ukurasa wa kuingilia. Mtu atakuuliza mbona hakuna kufuli ya HTTPS. Kwenye mtandao wa ndani usio na jina la intaneti, cheti chake ni kazi ngumu, na hapa sahihi ya orodha inabeba ulinzi wa mafaili. Ila ukishaweka nywila ya mtu yeyote kwenye seva hiyo, maneno hayo hayafai tena. Usiweke. Mlango wa SSH ufunguke kwa waya tu, kwa ufunguo bila nywila za kuandika, na waifai ya wateja isiufikie.

Tenganisha waifai mbili. Ya kupakulia iwekwe hali ya kuzuia simu zisionane, maana kati ya simu arobaini kuna moja yenye virusi. Ya kuchezea, ambako vijana wanataka kushindana SuperTuxKart chumba kizima, lazima simu zionane. Hiyo iwe ya pembeni, na isiwe na njia ya kwenda kwenye seva zaidi ya lango la gemu.

Umeme. Jinja imekaa na bwawa tangu 1954 na bado taa zinazimika, chini ya kampuni ya Umeme zamani na chini ya UEDCL tangu Aprili 2025. Kadi ya SD ya Raspberry Pi haipendi kuzimwa ghafla. Mfumo wake uwekwe wa kusoma tu, mafaili yakae kwenye diski ya SSD, na betri ndogo iwe katikati. Mbale ina lake: mwishoni mwa Julai 2022 mto Nabuyonga ulifurika usiku na watu zaidi ya 20 walikufa. Seva isikae sakafuni, na nakala ya akiba isikae jengo moja nayo. Intaneti ikizimwa nchi nzima, kama ilivyozimwa kwa siku kama tano Januari 2021, ghala la waifai ya ndani haliyumbi.

Maabara za shule

Shule nyingi zina kompyuta za Windows, na F-Droid haina kazi huko. Tengeneza folda ya kila gemu, yenye faili la kusakinishia, chanzo, na faili la orodha ya alama za SHA-256. Orodha hiyo itie sahihi kwa minisign kwenye laptopu kavu. Ufunguo wa wazi wa minisign ni mstari mmoja mfupi. Mwalimu anaweza kuubandika kwenye ubao wa maabara. Anahakiki mara moja kwenye kompyuta yake, ndipo anasambaza kwa nyingine. Wanafunzi wasiwe na akaunti za msimamizi. Hilo peke yake litazuia maovu mengi kuliko programu ya kuzuia virusi ambayo leseni yake iliisha tangu mwaka juzi.

Gemu linapotoka kwa kijana wa hapahapa

Sasa turudi kwa kijana wa omweso. Atakuja na APK aliyoijenga kwenye laptopu yake, ambayo pia ndiyo anayopakulia filamu. Usiipokee. Pokea chanzo, uijenge wewe, ndani ya mashine pepe inayofutwa kila ukimaliza. Usimwone kama mshukiwa. Laptopu yake inaweza kuwa na mgeni asiyemjua.

Chanzo hicho kichukuliwe kutoka kwenye historia ya git, si kwenye faili lililofungwa pembeni. Machi 2024 mlango wa nyuma uligunduliwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux karibu zote. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa kuwa kuingia kwa SSH kulikuwa kumechelewa kwa kama nusu sekunde. Sehemu muhimu ya ule mlango ilikuwa kwenye faili la toleo lililofungwa, na haikuwamo kwenye git. Aliyeupandikiza, mwenye jina la Jia Tan, alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akisaidia mradi kwa bidii mpaka akakabidhiwa funguo. Kwa ghala lenu dogo funzo la Jia Tan ni dogo pia: mtu akisaidia sana, mshukuru, na bado asitie sahihi peke yake.

Kwenye Godot tafuta msimbo unaoita OS.execute, unaofungua miunganisho ya mtandao bila sababu, au unaopakia mafaili ya pck kutoka nje. Omweso hauna haja ya hata kimoja. Mwulize mwandishi akueleze kila kilichobaki. Anayeandika mwenyewe hueleza kwa furaha, pengine kupita kiasi.

Magemu ya kivinjari ni hatari zaidi kuliko yanavyoonekana, kwa sababu msimbo wa mgeni unakimbia ndani ya anwani yako. Siku mkiwa na tovuti ya intaneti yenye akaunti, magemu yakae kwenye jina jingine kabisa la tovuti, mbali na ukurasa wa kuingilia, ndani ya fremu yenye kizuizi cha sandbox. Jukwaa la itch.io huyatenga hivyo.

Watoto na majina yao

Fupi tu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda, ya mwaka 2019, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu kujiandikisha kwa ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya NITA-U. Njia rahisi ya kuitii ni kutokusanya. Kupakua kusihitaji akaunti, na nginx isihifadhi kumbukumbu za simu zilizopita. Jedwali la washindi liwe la majina ya utani, lifutwe kila Jumatatu. Usiweke ukumbi wa kuchati. Mkitaka maongezi, watoto wameketi chumba kimoja.

Kinachokuja, na siku mambo yakiharibika

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zenye idhini yake zitadai kila mtengenezaji wa programu awe amejiandikisha na kuthibitisha utambulisho wake, hata kwa programu zinazowekwa nje ya duka lake. Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand ziliwekwa mwanzoni, Septemba 2026, na nchi nyingine kuanzia 2027. F-Droid ilipinga hadharani, na Google baadaye ikasema itaacha njia ndefu kwa watumiaji wazoefu na akaunti ndogo kwa wanafunzi. Kwa gemu la omweso, akaunti ya aina hiyo iwe ya kundi lenu, sio ya kijana mmoja atakayepata kazi Kampala na kubadili namba. Wekeni pia magemu mengi kadiri iwezekanavyo kwenye umbo la kivinjari, ambalo halihitaji kibali cha mtu.

Ikigundulika kwamba gemu baya limepita, mpangilio ni huu. Litoeni kwenye orodha na kutia sahihi orodha mpya siku hiyohiyo. Dereva wa teksi ya jioni aondoke na flashi. Kuliondoa ghalani hakulifuti kwenye simu za watu, kwa hiyo bandikeni tangazo kwenye vibanda, kwa Kisoga, Kigisu, Kiganda na Kiswahili, lenye picha ya alama ya gemu na hatua za kulifuta. Tajeni gemu na tarehe lilipoingia. Anayeficha kwa kuona haya atawaacha watu na programu hiyo simuni wiki nzima zaidi.

Ufunguo ukipotea ni msiba wa aina nyingine: hakuna wa kumpigia simu, na kila simu italazimika kuongezewa ghala jipya upya. Fanyeni nakala mbili za faili la ufunguo, kila moja kwenye flashi ndani ya bahasha iliyosainiwa juu ya gundi, moja kwenye sefu Jinja na nyingine Mbale, kwa mtu asiyehusika na kompyuta: mhasibu wa shule, katibu wa msikiti, mweka hazina wa kanisa. Nywila iandikwe kwenye karatasi na ikae kwa mtu wa tatu. Mara mbili kwa mwaka fungueni bahasha moja, mjaribu kutia sahihi orodha ya majaribio, mfunge upya na kusaini tena. Mwenzenu akiondoka kwenye kundi, nywila ibadilishwe kabla ya sherehe ya kumuaga, naye awepo wakati inabadilishwa.